Fundi Aliyesikiliza Mabomba

Kabla ya kuugua, Boaz Nchagwa alikuwa akiitwa kutoka Rongo hadi Homa Bay kwa kazi moja ambayo mafundi wengine wa bomba waliikwepa: kutafuta mahali maji yanapovuja chini ya ardhi. Kuziba tundu kila fundi alijua. Shida ilikuwa kujua pa kuchimba, hasa kama bomba limepita chini ya sakafu ya mtu, au chini ya ukuta wa duka, na mwenyewe hakumbuki lilifuata njia gani.

Alikuwa Mkuria wa upande wa Kehancha, mtu mrefu, mpole, asiye na maneno mengi. Alipanga nyumba Oruba, pembeni mwa mji wa Migori, na mkewe Milka na watoto wao watatu, wa kwanza akiitwa Wesley. Kazi alijifunza ujanani akichimba mitaro ya maji ya misheni moja. Fundi mkuu wa pale, Mkisii aliyeitwa Makori, aligundua kwamba kijana huyo husikia gari kabla ya wenzake kulisikia, akampa nondo na kumfundisha. Unaichomeka nondo ardhini mpaka iguse bomba, unaweka sikio kwenye ncha ya juu, unatulia. Maji yanayopita tu yana mlio mzito, wa mbali. Maji yanayotoka kwenye tundu huzomea. Ukikaribia tundu mlio unapanda, ukilipita unashuka, na pale ulipopanda kuliko pote ndipo unachimba.

Boaz alipenda kuifanya kazi hiyo Jumapili asubuhi, watu wakiwa kanisani na malori ya tumbaku yakiwa yameegeshwa. Milka hakufurahia.

"Mungu naye ana mlio," alimwambia siku moja akifunga kitambaa. "Lakini wewe unasikiliza bomba tu."

Alikuwa na mafundisho yake kwa wenye nyumba na wenye biashara, na aliyarudia mpaka wateja wakawa wanammalizia maneno. Kabla ya kuniita, alisema, funga mifereji yote, kisha uende kwenye mita. Sindano ikiendelea kuzunguka, maji yanavuja mahali. Sasa funga valvu ya kuingilia nyumbani. Sindano ikisimama, ubaya uko ndani ya nyumba. Ikiendelea, uko kati ya mita na nyumba. Usichimbe palipolowa kwa sababu pamelowa. Maji hufuata mtaro na kujitokeza mbali na tundu. Na kabla ya kufukia bomba jipya, chora kwenye karatasi limepita wapi, uiweke karatasi hiyo pamoja na hati ya ploti.

Fundisho moja alilisema kwa ukali. Bomba la maji ya kunywa lisipite karibu na shimo la choo. Watu walidhani tundu la bomba kazi yake ni kutoa maji tu. Aliwaeleza kwamba siku maji ya mji yanapokatwa, bomba hubaki tupu, na tundu lile lile huvuta ndani chochote kilicho nje. Maji yakirudi, uchafu huo unaingia nayo jikoni. Alisema hivyo katika kila ploti alikofanya kazi, hata pale ambapo hakuulizwa.

Mwaka wa 1996 alianza kukohoa. Kikohozi kilikataa kwisha, akakonda, suruali ikahitaji kamba. Migori ya miaka ile mtu akikonda hakuulizwa anaugua nini. Watu walijijibu wenyewe kwamba ni ukimwi na kuanza kumwepuka. Hospitalini wakamwambia ni kifua kikuu na kwamba kinatibika. Angemeza dawa kwa miezi mingi, na miezi miwili ya kwanza angedungwa sindano kila siku.

Wiki ya tano alisikia nyenje masikioni. Alidhani ni nyenje wa kweli, mpaka alipouliza Milka kwa nini wanalia mchana kutwa, naye Milka akamwambia hakuna nyenje. Muuguzi aliyemdunga, mama mmoja makini aliyeitwa Nyanchoka, alikuwa na desturi ya kumuuliza kila Jumatatu.

"Masikio yako je, Baba Wesley? Hayapigi kelele? Husikii kizunguzungu?"

"Mazuri," Boaz alijibu.

Aliogopa kwamba akisema kweli watakatiza dawa, na alikuwa ameona wodini wale waliokatiza dawa walivyokufa. Kwa hiyo alimaliza sindano zake zote. Kifua kikapona, na mwaka mpya alikuwa amerudi kwenye uzani wake. Lakini nyenje hawakuondoka, na sauti za watu zikawa kama zinatoka nyuma ya mlango uliofungwa. Tena alianza kuyumba. Giza likiingia miguu ilikosa mizani, akashika kuta njiani kama mlevi, na majirani waliokwisha kusema mengi kuhusu kukonda kwake wakaongeza na hilo la pombe.

Siku moja aliivuta nondo kutoka chini ya kitanda, akaenda kwenye mfereji wa ploti, akaufungua kidogo ili maji yapite. Akachomeka nondo, akainama. Alisikia nyenje. Akageuza sikio la pili, akasikia nyenje. Akamwita Milka.

"Sikiliza hapa. Inasema nini?"

Milka alipiga magoti, akaweka sikio, akakaa muda mrefu akijitahidi.

"Inalia," alisema.

"Inaliaje? Inazomea au inanguruma?"

Milka alilazimika kurudia jibu kwa sauti kubwa mpaka wapangaji wakachungulia. "Inalia tu, Baba Wesley. Ni chuma. Mimi sijui lugha yake."

Boaz alichukua nondo akairudisha ndani.

Mwezi wa nne, mwaka wa 1997, alipata ujumbe kutoka Homa Bay. Roselyn Awino, mjane aliyekuwa na hoteli ndogo yenye vyumba sita vya wageni juu ya soko, alikuwa akipoteza maji. Boaz alimfanyia kazi miaka minne nyuma na kumpatia tundu kwa kuchimba shimo moja lisilozidi upana wa karai. Ilikuwa miezi minne tangu mtu yeyote amwite kwa kazi.

"Utamwambia?" Milka aliuliza, akitamka polepole ili aone midomo.

"Nitaona nikifika."

Alifika. Roselyn alimpokea kwa furaha ambayo hakuwa ameiona kwa mtu tangu augue, akamkalisha, akamwita mpishi wake, Caren, amletee chai na mandazi. Caren alikuwa mama wa makamo mwenye mwanya. Alimuuliza kitu, na Boaz alipotikisa kichwa kwa kubahatisha, Caren alitambua. Alizunguka meza, akainama upande wake wa kulia, akauliza tena kwa sauti: "Sukari ngapi, fundi?" Siku zote alizokaa pale, Caren alisema naye hivyo, kwa kumzunguka kwanza, bila kumwaibisha mbele ya watu.

Kazi ya macho aliifanya vizuri. Alifunga mifereji yote, akatazama mita, sindano ilizunguka. Alifunga valvu ya kuingilia, sindano ikasimama. Tundu lilikuwa ndani. Ndani bomba liligawanyika pande mbili, tawi moja likienda chini ya chumba cha kulia, tawi la pili likizunguka nyuma ya jikoni hadi vyumba vya wageni, na halikuwa na valvu yake ya kulitenga. Hapo ndipo nondo ilipohitajika. Jumapili asubuhi, kengele za kanisa zikiwa zimenyamaza, Roselyn na Caren walisimama mlangoni wakimtazama akiinama juu ya nondo, akisogea, akiinama tena, kama walivyomwona zamani.

Hakusikia kitu. Nyenje peke yao.

Angeweza kusema wakati ule. Baadaye alimwambia Milka kwamba maneno yalikuwa yamefika mdomoni, lakini alipoinua kichwa aliona jinsi Roselyn alivyotulia, kama mtu aliye mbele ya daktari wake. Akaonyesha kwa kidole pembe ya chumba cha kulia, ambapo saruji ilikuwa imelowa kidogo.

Vibarua wawili walivunja sakafu. Bomba lilikuwa kavu. Akaonyesha hatua tatu mbele, wakavunja tena, na hapo wakakuta kiungo kilichotoa jasho tu, tone moja baada ya muda. Boaz alikifungua, akakizungushia katani mpya na rangi ya kuzuia maji, akakikaza. Walipofukia alikwenda peke yake kwenye mita. Mifereji yote ilikuwa imefungwa. Sindano ilikuwa bado inazunguka, kwa kasi ile ile.

"Imesimama?" Roselyn aliuliza kutoka mlangoni.

Swali hilo alilisoma midomoni.

"Imesimama," alisema, akafunika mita.

Alirudi Migori siku hiyo hiyo. Alijiambia kwamba atapumzika kidogo, atarudi na valvu, atalitenga tawi la nyuma, atalipata tundu kwa njia ndefu, bila kuhitaji masikio. Ilikuwa njia nzuri. Angeweza kuitumia Jumapili ile. Wiki ikapita, ikaja ya pili. Kila alipokusudia kwenda, aliona atakavyoulizwa kwa nini amerudi.

Mwezi huo maji ya Homa Bay yalikuwa yakikatwa siku tatu, yanarudi siku moja. Nyuma ya jikoni ya Roselyn, bomba lilipita hatua mbili tu kutoka kwenye shimo la choo lililochimbwa baada ya kazi ya kwanza ya Boaz, na hapo ndipo lilipokuwa limeoza na kutoboka. Boaz alikuwa ameliona shimo hilo. Alilipita akielekea vyumbani, na aliliona.

Wageni wawili waliosukutua kwa maji ya mfereji waliondoka wakiumwa tumbo. Kisha Caren akashikwa na homa. Alidhani ni malaria, akanywa dawa za malaria, akaendelea kupika. Ndiye aliyekunywa maji ya pale kila siku, tena ya mfereji, kwa sababu yaliyochemshwa aliwaachia wageni. Alipopelekwa hospitalini utumbo ulikuwa umekwisha kutoboka. Walisema ni taifodi. Alikufa siku ya pili.

Habari zilimfikia Boaz kwa kondakta wa basi aliyemjua Roselyn. Alikwenda mazikoni, kijijini kwa Caren, karibu na ziwa. Watu walikuwa wengi chini ya turubai. Roselyn alimwona, akaja wakatembea mpaka kwenye ua wa michongoma.

"Mama, nimekuja kusema jambo," Boaz alisema. "Siku ile mita haikusimama."

Roselyn alijifuta uso kwa kanga.

"Sisikii. Tangu sindano za kifua, sisikii. Nilionyesha mahali nisipopajua. Na choo nilikiona."

Roselyn alifungua mdomo, akauliza jambo akitazama chini. Boaz hakulipata.

"Unasemaje, Mama?"

Akauliza tena. Machozi yalikuwa yanamziba, midomo haikusomeka.

"Niwie radhi. Sijasikia."

Ndipo Roselyn aliposema kwa sauti kubwa kabisa, waombolezaji wote wakageuka: "Kwa nini hukusema kwamba husikii? Caren aliniambia. Aliniambia fundi wako hasikii vizuri. Nikamwambia anyamaze, huyu ni Boaz."

Ndugu wawili wa marehemu walikuja wakamshika Boaz mikono, bila kumpiga, wakamsindikiza mpaka barabarani.

Hakugusa bomba tena. Kabla ya Krismasi walihamia Kehancha, kwenye kipande cha shamba cha ndugu yake Nyamweya, wakalima tumbaku na mahindi. Mvua za mwaka ule zilinyesha kupita kiasi, tumbaku ikaoza ikiwa bado shambani. Mwaka uliofuata walilima tena. Milka alimwita kwa kumgusa bega. Watoto walianza kuzungumza mbele yake kana kwamba hayupo, si kwa ubaya, ila kwa kuchoka kurudia maneno. Kanisani alikaa benchi la nyuma, akasimama wenzake waliposimama.

Mwaka wa 1999 alikuja mwenye duka mmoja kutoka Rongo, mtu aliyemjua zamani, akamkuta anapalilia. Alieleza shida yake kwa vidole na kelele: maji yanapotea, anataka Boaz aje na nondo.

Boaz aliegemea jembe. Alimwambia afunge mifereji, aangalie mita, afunge valvu, aangalie tena. Alimwambia aweke valvu katika kila tawi, alitenge moja baada ya jingine, na kama bomba liko karibu na choo, asipoteze siku kulitafuta tundu. Alitoe bomba lote alipitishe kwingine, na mpaka hapo achemshe kila tone. Alimfanya yule mtu arudie yote, akimtazama midomo.

"Sasa si uje mwenyewe?" mwenye duka alisema alipomaliza.

Boaz alisoma hilo pia. Alitikisa kichwa, akainama, akaendelea na palizi. Yule mtu alisimama kwa muda akiongea na mgongo wake, kisha akaondoka, na Boaz hakujua ameondoka saa ngapi.