Utani wa pipa uliochukua mikono ya kaka yangu huko Makongolosi

Wakuu, salaam. Mimi ni mzee, lakini hili nalikumbuka lote na siongezi chumvi.

Nimeona humu vijana mkimtetea jamaa aliyetania kuwa basi lina bomu. "Ni utani tu, mnakuza mambo." Nimekasirika, ndiyo maana naandika.

Miaka ya hamsini, enzi za mkoloni, nilitoka Iringa kumfuata kaka yangu Daudi kwenye machimbo ya dhahabu Makongolosi. Alikuwa fundi wa baruti.

Anawasha tambi za baruti, tuseme sita, anakimbia kujificha, halafu anahesabu milipuko. Ikilia sita, watu wanarudi shimoni. Ikilia tano, hakuna kusogea, maana baruti moja bado imelala kwenye mwamba.

Uhai wetu wote ulikuwa kwenye hesabu hiyo.

Mwenzetu mmoja aliitwa Gama, Mngoni. Sisi Wahehe. Mnaojua mnajua, hao ni watani: anakutukana na hununi. Na alichekesha kweli, hilo simnyimi.

Siku hiyo tambi zilikuwa sita. Tukajibanza nyuma ya kifusi. Hata mimi nilihesabu sita.

Daudi akainuka, akatangulia kama kawaida yake.

Kumbe mlio ule wa sita ulikuwa wa pipa tupu. Gama aliposikia baruti zimelia tano tu, alilipiga nyundo nyuma yetu, ili baadaye aseme Mhehe hajui kuhesabu. Alikusudia kumwita kabla hajafika. Akachelewa kwa sababu alikuwa anacheka, na baruti iliyolala ikamlipukia Daudi.

Daudi hakufa. Alipoteza mikono yote miwili.

Mbele ya msimamizi Gama akasema, "Bwana, huyu ni mtani wangu." Wazee wetu wenyewe wakakubali kwamba utani hauna kesi. Aliyefukuzwa kazi ni Daudi, eti alihesabu vibaya.

Gama akaja kumjulia hali. "Mtani, sasa ugali utakulaje?"

Daudi akacheka. Mila ilimtaka acheke. Hasira yangu ya hapo haijawahi kuisha.

Shemeji, aliyekuwa anamlisha, akaweka tonge chini. "Kaa hapa, Gama. Mlishe wewe."

Gama akaaga, ana zamu.

Shemeji alimlisha mumewe mpaka alipokufa.

Nilichojifunza: utani unaishia pale mtu anapotegemea unachosema ili abaki hai. Adhabu ije pipa linapopigwa, hata kama hakuna aliyeumia. Mkisubiri mikono ikatike, mmechelewa.

Mwenye hoja ya kumtetea Gama aiweke hapa chini. Nitaisoma.