Shikamoo Kabla ya Roboti

Juzi nilikaa kwenye benchi la hospitali moja hapa Singida mjini, nje ya mlango uliokuwa wazi. Ndani, daktari kijana alikuwa akimweleza mzee mmoja, mrina asali wa Rungwa, kuhusu uvimbe ulio nyuma ya mfupa wa kifua chake.

"Babu, huko hospitali ya rufaa hawatakupasua kifua. Watatoboa matundu madogo ubavuni, mikono ya roboti ipite humo."

"Na daktari?"

"Atakaa pembeni, anaiongoza kwa skrini."

Mzee alivua kofia, akaiweka magotini. "Tundu dogo nalijua, asali natoa hivyo hivyo. Huyo wa pembeni ataniamkia saa ngapi?"

"Utakuwa umelala kwa dawa ya usingizi, babu."

"Basi aje kabla sijalala. Mtu hapiti karibu na moyo wangu bila shikamoo."

Akagoma kupokea barua ya rufaa. Daktari akaichukua, akaongeza mstari chini, akamsomea: "Mgonjwa aamkiwe kwanza." Mzee akaikunja, akaitia ndani ya kofia.

Nami nikaitwa chumba cha pili. Daktari wangu alikuwa na mikono yake mwenyewe, yote miwili. Aliniandikia dawa bila kuinua macho.