Gari la Ami Nassor na Baraza la Bi Mwatima

Wengi wakisikia harufu ya sifa, yale mafuta ya papa ambayo mafundi wa vyombo vya baharini hupaka mbao zisiingie maji, huziba pua na kuharakisha mwendo. Mimi husimama. Huivuta mpaka kifua kijae, na moyo wangu hutulia kama wa mtu aliyesikia jina la adui yake likitajwa katika habari mbaya. Harufu hiyo ilikaa nyumbani kwetu Malindi, Mji Mkongwe, msimu mzima wa kaskazi nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, katika ile miaka ya hamsini, wakati ami yangu alipojenga gari la kulala. Iliingia katika mito, katika kanga za mama, hata katika mchele. Waliobaki wa ukoo wetu wakihadithia msimu ule husema ilikuwa bahati mbaya. Mimi naandika haya ili wajue kuwa bahati haikuhusika.

Baba yangu alifariki nikiwa mchanga, na mama akahamia nyumba ya ndugu wa baba, Ami Nassor, muuza nguo wa Darajani, ambako aliishi kama mgeni asiyeruhusiwa kuondoka wala kukaa kitako. Asubuhi alipika, mchana alifua, alasiri alisuka ukili, ule mkanda mrefu wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka. Ami alikuwa mtu wa kupenda kutazamwa. Siku moja aliona katika gazeti la Kizungu, dukani kwake, picha ya familia iliyosafiri na gari lenye vitanda, meza na jiko ndani yake, ikilala popote jua linapoizamia. Tangu siku ile hakuzungumza jengine. Alinunua lori kuukuu, kichwa na fremu tupu, akaliingiza kwa taabu katika uchochoro wetu mpaka kwenye gofu la nyuma ya nyumba, akaapa kuwa atakuwa mtu wa kwanza Unguja kwenda bara akiwa na nyumba yake mgongoni, kama kobe.

Lakini safari haijengwi kwa mbao peke yake. Ami hakusoma Kiingereza, na mwanawe Fakih, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa akienda skuli kama wanavyokwenda mbuzi malishoni: kula na kurudi. Aliyejua kusoma ratiba ya meli na ramani ya atlasi ni mimi. Nasema bila ya haya kwamba katika darasa letu la wasichana sikuwahi kuwa wa pili. Nikapewa daftari la jalada la buluu, na kila alasiri nikakaa juu ya gunia kando ya fundi, nikaipanga safari nzima kwa mkono wangu. Siku ya kwanza winchi ya bandarini itanyanyua gari na kulitia melini, tuvuke hadi Dar es Salaam. Kisha Morogoro, kisha Korogwe, kisha Tanga, tupumzike siku tatu. Baadaye Mombasa, na huko meli nyengine ya kuturudisha. Niliandika wapi patapatikana petroli, wapi maji ya kunywa, siku gani tutakula samaki wakavu wa ng'onda na siku gani tutanunua nyama mbichi. Niliandika hata nani atalala kitanda kipi, kwa sababu Ami alikuwa ameshatoa ahadi mbele ya watu.

"Huyu ndiye nahodha wangu," aliwaambia rafiki zake wanywa kahawa, mkono wake kichwani kwangu. "Yeye na mama yake kitanda cha nyuma chao. Tutawafikisha Tanga wakamwone bibi yao."

Siku ile mama alilia machozi ya furaha juu ya moshi wa kuni, akasingizia moshi. Mama yake mzazi alikuwa Tanga, mgonjwa wa miguu, na kwa miaka minane hawakuonana. Usiku uleule akaanza kusuka ukili mpya wa rangi mbili, wa msala wa kuswalia wa kumpelekea. Kwake yeye safari yote ile, na mbao zake na petroli yake, ilikuwa ni njia ya kufika kwenye mlango mmoja tu.

Fundi aliyejenga gari alitoka Tumbatu, akiitwa Makame, stadi wa mashua ambaye hakuwahi kupanda gari ila mara mbili. Alijenga anachokijua. Alipinda mataruma, zile mbavu za mbao, kama ya mashua, akayaunga kwa misumari ya mti, akalipa gari tumbo pana linaloanzia usawa wa goti, na humo akatia masanduku mawili ya kuweka vyombo na pipa la maji. Lilikuwa zuri, sikatai. Watu walikuja kulitazama kama bibi harusi. Mbao zilipokuwa zikipitishwa uchochoroni, Ami alikuwa akimkemea jirani yetu, Bi Mwatima, mjane aliyeuza mikate ya ufuta kwenye baraza lake la mawe pale pembeni mwa njia. "Ondoa sinia zako, watu wana kazi!" alimwambia siku moja mbele ya wateja wake. "Ndiyo taabu ya kuoa mwanamke wa Jang'ombe ukamleta mjini. Hajui njia ni ya kupita." Bi Mwatima aliinua sinia moja moja, akafuta unga mikononi, akaingia ndani. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini Ami alikuwa mtu wa kusikia sauti yake tu.

Ilipobaki wiki moja, Ami aliniita barazani kwake.

"Zuwena!"

"Naam, Ami."

"Ramani tayari?"

"Tayari, na ratiba ya meli, na—"

"Basi mpe Fakih daftari. Anakwenda na wenzake wawili, na mimi na rafiki zangu. Wewe ushakuwa mkubwa, mtoto wa kike halali njiani. Na mama yako, nani atatazama nyumba?"

"Ulisema kitanda cha nyuma chetu, Ami."

"Nilisema. Sasa gari limejaa."

Alilisema bila ya hasira, akitafuna tambuu, kama mtu anayetaja bei ya kitambaa. Hilo ndilo lililonichoma. Fakih alilichukua daftari langu kwa vidole viwili. "Nikifika Tanga nimsalimie bibi yako?" aliniuliza. "Nimwambie umekosa nafasi kwa unene?" Kisha akanitaka nimwoneshe Korogwe iko upande gani wa Nairobi. Sikumwonesha.

Siku ya pili yake nilikwenda gofuni wakati fundi yuko msikitini. Sikuwa na nia yoyote ila kukitazama kwa mara ya mwisho kile kitanda cha nyuma. Mkononi nilikuwa na kibunda cha ukili wa mama, alionituma nikauanike. Nikasimama mbele ya gari, nikaliona tumbo lile lilivyovimba, na kitu kikaniambia nipime. Nikaunyoosha ukili kutoka sanduku hili hadi sanduku la pili, nikatia alama ya mkaa. Nikatoka uchochoroni. Nikaunyoosha tena pale pembeni, kutoka ukuta wa upande mmoja hadi ukingo wa baraza la Bi Mwatima, nikatia alama nyengine. Gari lilizidi njia kwa shubiri moja na vidole viwili. Nilipima mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nikitabasamu.

Ningeweza kusema. Siku sita zilikuwa zimebaki, na fundi angeyatoa masanduku kwa utulivu. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende, na mimi nilikuwa mwiba uliojua mahali pake. Nikakunja ukili, nikarudi nyumbani, nikala chakula changu chote.

Kesho yake mama aliniambia jambo. Alikuwa amekwenda kumwomba Ami, kwa magoti, kwamba kama sisi hatuendi basi wakirudi wamchukue bibi, wamlaze katika kile kitanda na wamlete Unguja. Ami alikubali. "Kwa hivyo usinune, mwanangu," mama alisema, akisuka haraka haraka. "Gari litakwenda bila yetu, litarudi na yeye." Naandika hili kwa sababu niliapa kuandika yote. Nilisikia, nilifahamu, na nikaendelea kunyamaza. Nilikuwa na picha moja tu kichwani: uso wa Ami pale pembeni.

Nikaipata. Alkhamisi asubuhi gari lilitoka gofuni likinuka sifa na udi, watu wamejaa madirishani, Fakih amekaa mbele na daftari langu. Lilikwenda hatua arubaini. Kisha ukasikika mlio kama wa jino linalong'olewa.

"Rudi nyuma! Kata kulia!"

Walirudi, wakakata, wakasukuma. Sanduku la kushoto liligusa ukuta na la kulia likakaa juu ya jiwe la baraza. Ami alimgeukia fundi. "Hukupima wewe?"

"Mimi hupima mashua, bwana," alijibu Makame. "Baharini hakuna mabaraza."

"Yatoe haya masanduku!"

"Yameungwa na mataruma. Kuyatoa leo ni kulifumua lote. Nipe siku tatu."

Siku tatu hazikuwepo, meli ilikuwa inaondoka saa nane. Kilichobaki ni baraza: wanaume wawili na sururu, saa moja, njia imefunguka. Ami akavua kofia, akabisha mlango ambao hakuwahi kuubisha. Bi Mwatima alitoka na unga mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, Bi Mwatima."

"Marahaba, baba. Leo umenijua?"

"Nakuomba, mama yangu, tulivunje hili baraza. Nitakujengea jengine, zuri zaidi."

"Hili? La mwanamke wa Jang'ombe? Litakuchafua mikono."

"Ule ulikuwa utani, Bi."

"Na mimi nakutania, mwanangu. Nitakutania mpaka meli iondoke."

Watu wa madirishani walicheka, na kicheko kile kilishuka uchochoroni kama maji ya kufulia. Bi Mwatima aliweka sinia zake juu ya baraza, moja moja, akaketi katikati yao. Ndipo Ami aliponitafuta kwa macho. "Zuwena! Wewe ndiye uliyeipanga safari. Njia hii hukuiandika?"

"Niliandika kuanzia bandarini, Ami," nilisema. "Daftari analo Fakih."

Saa nane honi ya meli ilisikika hadi jikoni. Ami alikuwa amekaa ndani ya gari lake, kwenye kitanda cha nyuma, mikono juu ya magoti. Sijapata kuonja asali tamu kuliko saa ile, na nimeishi katika nchi zenye asali za kila aina.

Gari halikutoka tena. Ami aliona haya, akaacha lioze gofuni, kuku wakataga katika masanduku. Masika yalipoanza ikaja barua kutoka Tanga kwamba bibi amefariki. Mama aliposomewa alisema, "Haikuandikwa tuonane," akarudi kuushona ule msala ambao sasa haukuwa na wa kupelekewa. Alipofika kwenye alama zangu za mkaa alisimamisha sindano. "Alama hizi za nini?" akaniuliza. Nikamwambia nilikuwa nacheza. Alinitazama kitambo kirefu, kisha akaendelea kushona. Alama hazikutoka. Zipo mpaka leo.

Nilisomeshwa na akili yangu, sikushikwa mkono na mtu. Niliondoka Unguja na mfuko mmoja, nikafanya kazi za kufua na kupiga deki katika miji ya baridi, na nikapata diploma ya upimaji wa ardhi na majengo, iliyomo sasa katika fremu ya dhahabu ukumbini kwangu Mtoni. Wazungu wamejenga madaraja kwa vipimo vyangu. Nilipostaafu nilinunua gari la kulala, jeupe, lenye jiko, friji na vitanda viwili, nikarudi nalo nyumbani. Siku hizi hakuna winchi. Meli hufungua mdomo, nami huingia nikiendesha mwenyewe, watu wakishangaa kuona mwanamke mzee ameshika usukani. Nimeshakwenda Tanga mara nne. Kila nikirudi hupita Malindi polepole, nalisimamisha gari pale uchochoro unapoanzia, naiacha injini ingurume kidogo. Baraza lipo. Nyumba ya Ami imeanguka upande mmoja.

Mwezi uliopita Fakih alinifuata pale, amejishika na mkongojo. Anasumbuliwa na miguu. Alisema ana mtoto wake Korogwe hajamwona miaka mingi, na basi haliwezi tena. Alichungulia dirishani akaona kiti cha kando yangu, kimetandikwa ule msala wa rangi mbili wa marehemu mama.

"Zuwena, dada yangu," alisema, "kiti kile kina mtu?"

Nilimpima kwa macho, kama nilivyofundishwa, kutoka kichwa hadi kwenye mkongojo. Angeenea, na shubiri ikabaki. Kwa nusu karne nilikuwa nimeyaweka tayari maneno mawili ya kumwambia siku kama ile, gari limejaa, na yalinifika ulimini. Lakini jicho langu liliangukia zile alama za mkaa, na nikajua kwamba hata leo, katika gari langu mwenyewe nililolinunua kwa jasho langu, yule niliyetaka kumfikisha Tanga bado hajapanda.

"Kina mwenyewe," nilimjibu, nikatia gia.