Picha za Bondeni na Njia ya Mama Rehema

Jumamosi, mwanzoni mwa Mei. Mvua nyepesi tangu alfajiri, mawingu yameshuka mpaka juu ya maghorofa, baridi bado ya kuvaa sweta. Vijana wa msikitini wameniomba niandike kazi niliyoifanya huku, maana hawaamini kama mtu anaweza kulipwa mshahara kwa kupiga picha maua ya porini. Mimi shule niliishia darasa la saba, sijui kama nitaeleza vizuri. Nitaandika nilichokiona, mwenye kujua zaidi atanisahihisha.

Siku yangu ya kwanza kazini hali ya hewa ilikuwa kama leo. Niliajiriwa kuokota takataka na kuondoa matawi yaliyoanguka kwenye bonde la msitu, hapa nyuma ya maghorofa yetu mtaa wa Etobicoke, huku ughaibuni. Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka. Aliniona napanda mteremko bila kuteleza, akatoa mfukoni kamera ndogo ya kuenea kiganjani. Aliyekuwa akiishika alikuwa amehama kazi.

"Unajua kupiga picha?"

"Za harusi, kidogo."

"Bibi harusi husimama akakungoja. Hawa wa kwangu itabidi uwalalie chini."

Nikalala kwenye matope na suruali yangu mpya. Kazi nikaanza hivyo.

Niwaeleze kidogo. Miti ya huku hupukutisha majani yote kabla ya baridi kali. Theluji ikishayeyuka, kabla majani mapya hayajafunga anga, jua hufika mpaka chini kwa wiki chache tu. Hapo ndipo maua ya msituni hutoka, yakachanua, yakapotea. Ukichelewa unakuta majani matupu. Kwenye mteremko kulikuwa na nguzo fupi za mbao, na kila nguzo ilitaka picha mbili. Picha ya mbali unaegemea nguzo, kamera kifuani, huivuti picha karibu wala huisogezi mbali, ili ya mwaka huu ilingane na ya mwaka jana. Picha ya karibu unabonyeza alama ya ua iliyo nyuma ya kamera, unaweka kiwiko ardhini, unazuia pumzi. Taa ya kamera hapana, inaunguza weupe wa ua likabaki kama karatasi. Mawingu ndiyo mazuri. Jua likitoka, unalikinga ua kwa mwavuli.

Na sheria moja: hizo picha mbili haziachani. "Ukinipa ya karibu peke yake," alisema yule mama, "nitaamini msitu mzima umechanua. Ukinipa ya mbali peke yake, nitaamini hakuna kitu." Hilo nimelishika mpaka leo.

Alipostaafu akaja msimamizi wa pili, kijana, suruali imenyooshwa pasi, maneno ya haraka. Wenzangu walisema ni mkali. Mimi siwezi kusema hivyo, maana likizo yetu hakuichelewesha hata mara moja, na mvua ikinyesha alishuka bondeni pamoja nasi. Siku moja alizipanga mezani picha zangu za mbali za nguzo moja, mwaka baada ya mwaka. Pale inakatiza njia ya miguu, watu wa maghorofani wanapita kwenda kituo cha basi. Kwenye picha ya kwanza njia ilikuwa ya mtu mmoja. Kwenye ya mwisho lingepita gari.

"Uzio," akasema. "Kabla ya maua ya mwakani. Kesho asubuhi uwapige picha wanaopita, nizipeleke kwa wakubwa mjini."

Nikarudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Mama Rehema alikuwa akifua mashuka hospitalini, zamu ya asubuhi, na goti lake lilikuwa limeanza kusumbua. Njia ile ilikuwa yake. Akizungukia barabara kuu, basi linamwacha, na kazini walikwisha kumwonya kwa kuchelewa. Onyo jingine, kazi hana.

"Yaani mpiga picha wa kunifungia njia ni mume wangu?"

"Si wewe ninayekupiga. Ni njia."

"Kwani njia inatembea yenyewe?"

Nikaanza kuifuta kamera matope.

"Baba Rehema, sogea kidogo upande wa maua mengi, piga hapo. Nani atajua?"

"Nguzo iko palepale."

"Nguzo! Basi nguzo ikupikie."

Sikulala vizuri. Yeye hakukosea: nyumba yetu ilikula kwa mishahara miwili. Na msimamizi naye hakukosea. Ua jeupe la petali tatu, ambalo ndilo nililokuwa nikilipiga zaidi, likitoka kwenye mbegu linaweza kukaa hata miaka saba kabla ya kuchanua, na ukilikanyaga majani unalirudisha nyuma. Niliwaona wote wawili wana haki, na mimi katikati na kikamera.

Asubuhi nikaegemea nguzo. Mama Rehema akaja na mfuko wake wa sare.

"Piga vizuri basi, nitoke mrembo!"

Nikapiga. Kwenye kioo kidogo cha kamera nikamwona amefika kwenye dimbwi katikati ya njia. Akainua gauni, akakanyaga pembeni, juu ya majani ya maua, maana hospitalini haingii na viatu vya tope. Aliyemfuata akakuta pembeni nako pameshakuwa tope, akazunguka mbali zaidi. Na mwingine vivyo hivyo. Miaka yote nilikuwa nimepiga njia, sikuwahi kupiga miguu. Nikainama nikapiga za karibu: dimbwi, kiatu, jani lililolala.

Nilimpelekea msimamizi zote, za mbali na za karibu. Kwa Kiingereza changu cha kuokoteza nikamwambia, "Hawatafuti maua wayakanyage. Wanakimbia matope."

Akazipanga mezani, akagusa moja. "Na huyu anayecheka ni nani?"

"Mke wangu."

Akaniangalia, kisha akarudi kwenye picha. "Tuna malundo ya chenga za mbao kutoka kwenye miti tuliyoikata. Tuzimwage katikati, tuweke magogo pembeni, watu wapite pakavu. Lakini uzio sijaufuta. Mwakani ukisimama kwenye nguzo ile na njia imepanuka tena, naufunga." Wazo lilikuwa lake, nisijipe sifa isiyo yangu. Kwa wakubwa alikwenda yeye, na aliyoyasema huko siyajui.

Mwaka ule Mama Rehema akajifanya askari. Nilikuwa nikimsikia kutoka chini bondeni: "Wewe kaka, rudi kwenye mbao! Mume wangu anakupiga picha!" Watu wakacheka, wakarudi. Majira yaliyofuata nikasimama tena kwenye nguzo. Njia haikuwa imepanuka. Uzio haukuja, na Mama Rehema alifua mashuka mpaka alipostaafu kwa hiari yake. Maua upande wa chini wa njia yalirudi polepole, majani kwanza, weupe baadaye sana. Upande wa juu hayajarudi mpaka leo, na sababu siijui.

Huwa najiuliza: kama njia ingepanuka, ningeipiga vilevile? Natamani niwaambie vijana kwamba ndiyo. Sina hakika. Nashukuru kwamba sikulazimika kulijibu hilo, na nashukuru kwa wasimamizi wawili walioniachia kazi ya macho mtu wa darasa la saba.

Kamera ya kazi niliirudisha siku ya kustaafu. Leo nimeshuka na ya kwangu, kuukuu, Mama Rehema akinishikia mwavuli. Nimelala chini nikapiga, kisha kuinuka kukanishinda.

"Kulala unalala mwenyewe," amesema akinivuta mkono, "kuamka unataka watu."

Tumerudi tumelowa. Jioni tumekula ugali, maharage ya nazi ya jana, na mchicha.