Namba ya Fundi Viatu

Binti aliposema harusi yake itafungwa ng'ambo, huko anakofanya kazi, mama yake mdogo alipiga vigelegele, kisha akajifungia kwenye chumba cha kushonea. Ndiye aliyemlea mtoto huyo tangu dada yake alipofariki. Mtaani walimwita Mama Cherehani, na hakuwa amewahi kupanda ndege.

Ushauri ukaanza kumiminika kwa ujumbe wa sauti. "Mama, dawa za presha weka kwenye mkoba wa mkononi. Beba sweta. Plagi za huku si kama za huko, tafuta adapta. Namba yangu iandike kwenye karatasi. Na tafadhali, njoo siku tatu kabla, ndege hazitabiriki."

Dawa aliweka. Sweta alibeba. Adapta aliisahau, na karatasi aliicheka: simu ninayo, karatasi ya nini? Siku tatu nazo aliziona nyingi. Sare za shule hazijaisha, halafu kwenda kujazana nyumbani kwa watu! "Siku ya tatu si watanipa jembe?" alimtania fundi viatu, jirani yake wa kibanda cha mbele.

Basi akasafiri siku moja kabla. Kwenye uwanja wa kubadilishia ndege, mchana, ubao ukaandika kwamba ndege yake imefutwa. Abiria wangepanda ya kesho yake asubuhi. Harusi ilikuwa asubuhi hiyo hiyo. Alitoa simu, ikazimika mkononi, chaji imeisha. Alizunguka kuta zote na chaja yake. Kila tundu lilimkataa. Jasho likamtoka, na baridi yote ile.

Alimsikia mama mmoja akimbembeleza mtoto kwa Kiswahili, akamwendea mbio.

"Dada yangu, nisitiri. Nipigie simu moja tu."

"Nitajie namba."

Hapo kichwa kikawa kitupu. Namba ya mwanawe hakuijua, ya kaka yake hakuijua, hata yake mwenyewe ilimpotea. Iliyomjia ni moja tu: ile iliyopakwa rangi nyekundu kwenye mlango wa fundi viatu, ambayo kwa miaka mingi aliisoma kila alipoinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Fundi viatu hapa."

"Jirani, ni mimi! Nimekwama njiani!"

"Mimi nani? Matapeli wa siku hizi bwana..."

"Mama Cherehani! Hiyo suruali yako ya kazini si niliitia kiraka cha matakoni juzi?"

"Sema, jirani, nakusikia."

Fundi viatu alikuwa na namba ya binti, maana binti humpigia yeye akimkosa mama. Akaahidi kurudisha jibu. Lakini abiria wa ndege ya yule mwenye mtoto wakaitwa, foleni ikaanza kusogea, na simu ikasogea nayo. Mama Cherehani alitembea kando yao, macho kwenye kioo cha simu, akimwomba Mungu kimoyomoyo. Wamebaki watu wawili mbele, ikaita.

"Amelia kwanza," fundi viatu alisema, "halafu amesema hawafungi mpaka ufike. Ila ukumbi wanao mwisho saa nane mchana, jirani. Wakitolewa, basi tena."

Usingizi haukumgusa. Kesho yake ndege ilitua saa sita na ushee. Foleni ya pasipoti ilijikokota kama kobe. Dereva wa teksi aliyetumwa na binti alisimama kila taa nyekundu, naye kila taa akaiona imewekwa kumkomoa. Aliingia ukumbini na sweta lake lililokunjamana, miguu imevimba. Wakwe walikuwa wamesimama mlangoni, nyuso zimewasawajika kwa kungoja.

"Nilisema siku tatu, Mama," binti alinong'ona, kamkumbatia.

"Ulisema, mwanangu. Sikusikia. Nisamehe."

"Haya, twende, kabla hawajatufukuza."

Akamshika mkono wakapita katikati ya viti. Ndoa ikafungwa haraka haraka, mhudumu wa ukumbi akichungulia saa mlangoni. Karamu ikahamia nyumbani kwa wakwe. Hotuba ya baba wa bwana harusi ilipoanza, Mama Cherehani alikuwa ameshalala kwenye kiti, mdomo wazi. Mama wa bwana harusi alimtazama, akavua mtandio wake wa sherehe, akamfunika nao mabegani, kisha akamfanyia mumewe ishara apunguze sauti.