Mama Anaweza Yote

Miezi mitatu tangu mama apatwe na kiharusi, kila asubuhi nilikuwa namvalisha mwenyewe hapa kwangu Unyambwa: gauni, vifungo, khanga, mpaka viatu. Mkono wake wa kulia ulikuwa mzito. Sasa sikia alivyonichosha siku tulipokwenda mjini kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Mtaalamu mwenyewe kijana tu. Akamwamkia shikamoo, akaitikiwa, akafungua fomu. Alisema siku hiyo ataamua kama mazoezi yaendelee au yaishie hapo.

"Mama, unaweza kuvaa mwenyewe?"

"Naweza, mwanangu."

"Kuoga?"

"Naweza."

"Kupika?"

"Napika vizuri tu."

Eti anapika! Mtu ambaye jana yake nilimkatia tonge nikamtia mdomoni! Damu ikanichemka. Nawajua mama zetu: mwanamke wa umri wake hawezi kumwambia kijana wa rika la wajukuu zake kwamba anaogeshwa. Hata awe hoi kitandani, ukimuuliza hali atakujibu nzuri. Lakini jamani, hata hospitalini?

"Mama, acha hizo," nikasema. Akanitolea jicho lile lile la tangu nikiwa mdogo.

Kijana akaniomba nitulie. Akampa mama mpira mdogo, naye akaufinya kwelikweli. Nikajua tumekwisha, mazoezi yanafutwa.

"Nguvu zinarudi," kijana akasema. "Ila mimi sipimi nguvu tu. Nataka kujua kama huu mkono unamfanyia kazi zake za kila siku. Mama, hebu fungua khanga, halafu ujifunge upya."

Mama akaifungua. Mkono wa kushoto ukavuta pindo, wa kulia ukashika, ukaachia. Khanga ikaanguka. Akajaribu tena, ikaanguka. Mara ya tatu nikageukia dirishani, sikuweza kutazama. Kijana akaiokota, akamwekea mapajani, akaandika kwamba mazoezi yaendelee, safari hii ya kufunga nguo, kuchota maji na kusonga ugali.

Ningepaswa kushukuru, lakini hasira ilikuwa bado haijaniisha. Tulipotoka nje tu nikamvaa.

"Mama, kwa nini unadanganya? Wakikuachisha mazoezi, kijijini kwako Mgori utarudi lini?"

Akanijibu kwa Kinyaturu, polepole, huku anatazama chini. Alisema siku atakayotamka kwamba hawezi, sisi watoto tutasema mama hajiwezi tena, akae hapa hapa kwangu. Na mtu asiyejiweza, akasema, haulizwi kitu.

Nikafungua mdomo nibishe. Lakini kuku wake wote kule kijijini nilikuwa nimeshawagawa, na shamba lake la alizeti nimeshampa jirani alime, na sikuwa nimemuuliza.