Kasa na ndoo yangu ya ngisi

Jamani, leo nusura nimharibie kasa safari yake!

Yule aliyekatwa na injini ya boti, ninayemlisha hapa kwenye kituo cha kutibu kasa Dubai, amepona. Leo tulikuwa tunamrudisha baharini.

Nikaona asiondoke na njaa. Nikabeba ndoo yake ya njano, ngisi tele.

Kasa kafika kwenye maji, kaiona ndoo, kageuka. Anakuja kwangu!

Roho ikaniruka. Akishazoea kulishwa, huko baharini ataishije?

Daktari akapiga kelele: "Mama Zuhura, yalla! Kimbia na ndoo yako!"

Nikakimbia na baibui langu, watu hoi kwa kicheko.

Kugeuka, kasa hayupo. Kaenda zake, alhamdulillah!

Ngisi wamebaki kwangu. Hivi nyie mwanenu akisafiri hamumfungii chakula?